Abiria Anapotoka na Begi Ndege Ikiwaka: Lawama Iende Wapi?

Tarehe 26 Julai 2025, ndege ya American Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8 ilikuwa inashika kasi kuruka kutoka Denver kwenda Miami ilipopata hitilafu ya gurudumu. Rubani alikatisha safari, moshi ukafuka chini ya ndege, na abiria 173 wakaamriwa kutoka kwa njia ya dharura. Katika video iliyosambaa siku hiyo anaonekana baba mmoja akishuka kwenye mtelezo, lile puto refu la mpira linalojifungua mlangoni. Mkono mmoja kamshika mtoto mdogo, mkono wa pili kashika begi. Alipofika chini alishindwa kujizuia, akaanguka pamoja na mtoto. Na si yeye peke yake aliyetoka na mzigo.

Kila linapotokea tukio la namna hii, kambi mbili huibuka. Ya kwanza inataka abiria wanaotoka na mabegi watozwe faini, wafungiwe kusafiri, hata wafikishwe mahakamani, kwa sababu wanacheza na roho za wenzao. Ya pili inasema hao ni binadamu waliopatwa na taharuki, na kwamba wenye ndege na wasimamizi wa usafiri wa anga ndio waliowafikisha hapo.

Niseme mapema ninaposimama. Begi libaki ndani, hata kama limebeba mshahara wa mwaka mzima. Hapo sina mjadala na mtu. Lakini kambi ya kwanza, pamoja na kuwa sahihi juu ya kosa, imekosea juu ya chanzo chake, na ndiyo maana dawa inayoipendekeza haiwezi kutibu.

Tuangalie kwanza kwa nini kosa hili ni kubwa. Mtu akiamua kuchukua begi lake, anasimama kwenye njia ya katikati, ambayo katika ndege nyingi hupitisha mtu mmoja tu kwa wakati. Ananyoosha mikono, anafungua kabati la juu. Begi lake haliko mbele, limefunikwa na koti la jirani na mfuko wa zawadi za dukani uwanjani. Analivuta, gurudumu linanasa kwenye mkanda wa begi jingine, analivuta tena. Muda wote huo mwili wake umeziba njia na waliopo nyuma wamesimama, moshi ukiwashukia. Akilipata, analishusha juu ya kichwa cha aliyekaa. Akifika mlangoni anapunguza mwendo, kwa kuwa mtu mwenye mzigo haruki kama asiye na kitu mkononi. Kona ya begi gumu inaweza kuchana mpira wa mtelezo, na mtelezo ukipasuka mlango ule umekufa kwa wote waliobaki ndani.

Wasimamizi wa usafiri wa anga Marekani na Ulaya wanahesabu sekunde 90. Ndege ya abiria zaidi ya 44 hairuhusiwi kuingia kazini mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya muda huo, gizani, kwa nusu tu ya milango. Machi 2006 kule Hamburg, kampuni ya Airbus ilipoipima ndege yake kubwa ya A380, watu 873 walitoka kwa sekunde 78 kupitia milango 8 kati ya 16. Kanuni za majaribio hayo zinataka wawepo wanawake, wawepo watu wa zaidi ya miaka 50, wawepo wanaobeba midoli mitatu badala ya watoto wachanga, na mabegi na mablanketi yatawanywe sakafuni kama vizuizi. Ni jaribio zito, silidharau. Ila mabegi yale ya sakafuni si mali ya mtu yeyote. Hakuna hata mmoja kati ya wale 873 aliyekuwa na begi juu ya kichwa chake lenye pasipoti yake na dawa za mama yake.

Kambi ya kwanza ina mfano mzuri mkononi. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda mjini Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua na kugongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Watu 5 kati ya 6 waliokuwa kwenye ndege ile ndogo walifariki. Kwenye A350 walikuwamo watu 379, wakiwemo watoto wachanga 8. Ndege iliwaka mpaka ikabaki majivu, nao wote wakatoka hai. Kati ya milango 8, mitatu tu ndiyo ilitumika kwa sababu mingine ilizungukwa na moto. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Kazi nzima ilichukua kama dakika 18, mbali kabisa na zile sekunde 90. Picha zilizoonekana baadaye ziliwaonyesha watu wakitoka mikono mitupu.

Watetezi wa adhabu wanasema, mnaona, inawezekana. Nami nakubali inawezekana. Lakini abiria wale hawakuacha mabegi kwa kuogopa faini. Video ya usalama ya shirika lile inaonyesha kwa michoro kinachotokea mtu akitoka na mzigo: njia inavyoziba, mtelezo unavyochanika. Abiria alikuwa ameshaona matokeo kabla ndege haijaondoka. Kwingine kwingi huambiwa tu kwamba asichukue, kwa sentensi moja katikati ya maelezo ya mkanda na barakoa ya hewa, wakati yeye anamalizia ujumbe wake wa WhatsApp.

Mfano wa upande wa pili ni Dubai, tarehe 3 Agosti 2016. Boeing 777 ya Emirates iliyotoka Thiruvananthapuram, India, ilianguka juu ya njia ya kurukia ikiwa na watu 300. Video iliyopigwa ndani inawaonyesha abiria wakivuta mabegi huku wahudumu wakiwapigia kelele waache. Wote 300 walitoka hai, lakini zoezi lilichukua zaidi ya dakika 6, na tanki la mafuta lilipolipuka baadaye lilimuua mzimamoto mmoja. Ukiishia hapo utasema mabegi ndiyo yaliyowachelewesha. Ukiendelea utakuta kwamba upepo uliinua baadhi ya mitelezo na moshi ukaziba mingine, hivyo milango kadhaa haikufaa. Mabegi yaliongeza tatizo, hayakuliumba.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na wenye hasira. Tarehe 5 Mei 2019, uwanja wa Sheremetyevo, Moscow, ndege ya Aeroflot aina ya Sukhoi Superjet ilitua kwa kishindo, tanki likapasuka, moto ukashika sehemu ya nyuma. Kati ya watu 78, walikufa 41. Kabla majivu hayajapoa, picha za abiria waliotoka na mabegi zilikuwa zimeshazunguka dunia, na watu wazima wakaitwa wauaji na umma ambao haujui hata walikuwa wamekaa kiti kipi. Moto ulikuwa nyuma, watu wakatokea milango ya mbele tu, na waliokaa mkiani walikuwa na sekunde chache mno. Mwaka 2023 mahakama ilimhukumu rubani kifungo cha miaka 6. Yawezekana begi mojawapo liligharimu roho ya mtu, siwezi kulikana hilo. Ila ni rahisi sana kumlaumu mtu aliyenaswa na kamera, na lawama ikishampata yeye, hakuna anayeuliza tena habari za mafunzo ya marubani au uimara wa matanki.

Sasa tumtazame abiria mwenyewe. Mwaka 2000 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake kuhusu matukio 46 ya kuhamisha abiria kwa dharura. Karibu nusu ya abiria waliohojiwa walikiri kwamba walijaribu kuchukua begi. Sababu iliyoongoza ilikuwa pesa, pochi na kadi za benki. Nyingine zilikuwa vitu vya kazi, funguo na dawa. Nusu ya abiria wakifanya jambo lilelile, tatizo si watu wachache wenye roho mbaya.

Na tabia hiyo inafundishwa kila siku. Safari yoyote unayopanda, ndege ikigusa ardhi tu, haijasimama, utasikia mikanda ikifunguliwa na makabati yakigongwa. Mwili umezoea kwamba ndege ikisimama unainuka, unafungua, unabeba, unatoka. Taharuki ikiingia, mtu hafikiri upya, hufanya alichozoea. Halafu kuna biashara. Mwaka 2008 American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalopelekwa chini, tumboni mwa ndege, wengine wakafuata, na watu wakahamishia kila kitu kwenye begi la mkononi. Kwenye kaunta unaambiwa vitu vya thamani, fedha na dawa usiviweke kwenye begi la chini kwa kuwa shirika halibebi dhamana. Kwa hiyo shirika lenyewe ndilo lililokuagiza uweke maisha yako yote kwenye kabati la juu, kisha siku ya moto linashangaa ukiligeukia kabati hilo.

Hili linawagusa watu wetu kwa uzito wa pekee. Ndege zinazotoka Muscat, Dubai na Jeddah kuja Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Entebbe zinabeba mabinti na vijana waliokwenda kufanya kazi za ndani, za ulinzi na za ujenzi. Binti aliyemaliza mkataba wake wa miaka miwili anarudi na begi moja dogo lenye pasipoti, bangili za dhahabu alizonunua kwa jasho lake na simu yenye namba za nyumbani. Ni rahisi kumwambia mali hutafutwa. Yeye anajua imetafutwa kwa shida gani. Pia mara nyingi amri ya dharura hutolewa kwa lugha asiyoizungumza. Asiyeelewa anachopigiwa kelele humtazama aliye mbele yake, na aliye mbele akifungua kabati, naye hufungua.

Elimu ya mapema haina mbadala, na bahari yetu ina ushahidi mchungu. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inatoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175 walifariki 125. Wengi walikuwa wamejaza hewa majaketi yao ya kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua hadi darini na kuwabana humo, wasiweze kupiga mbizi kuufuata mlango. Jaketi hujazwa ukishatoka. Sentensi hiyo imo kwenye maelezo ya safari nyingi, na nani kati yetu anaweza kusema aliisikiliza mara ya mwisho?

Turudi kwenye dawa. Faini ina mantiki yake: sheria za nchi nyingi tayari zinamlazimisha abiria kutii amri za wafanyakazi wa ndege. Lakini mtu anayeona moto dirishani hahesabu faini. Na ubaya wake mwingine hausemwi sana. Wachunguzi wa ajali hutegemea abiria waeleze ukweli kuhusu walichofanya. Ule uchunguzi wa mwaka 2000 ulipatikana kwa sababu watu walikiri. Ukiwatishia mahakama, mara nyingine watanyamaza, nasi tutabaki kubahatisha.

Pendekezo la pili ni makabati yajifunge yenyewe wakati wa kuruka, kutua na dharura. Hili nililipenda nilipolisikia, lakini lina pande mbili. Abiria asiyejua kwamba kabati limefungwa anaweza kusimama akilivuta kwa muda mrefu kuliko ambao angetumia kulifungua. Isitoshe, tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado uwanjani, Busan, Korea Kusini, na watu 176 wakatoka hai. Moto ulianzia ndani ya kabati la juu, na wachunguzi walielekeza shaka kwenye pawabenki, yaani betri ya kubebeka ya kuchajia simu. Kufuli linalowachelewesha wahudumu kufikia moto wa betri nalo linaweza kuua. Lijaribiwe kwanza na watu halisi wenye mizigo yao, ndipo liamuliwe.

Mimi ningeanza na vitu vya bei ndogo. Mashirika, hasa yale ya Ghuba yanayowabeba wafanyakazi wetu, yawaambie abiria kwa Kiswahili, kabla ya kuruka na kabla ya kutua, waweke pasipoti, simu, fedha na dawa mwilini, kwenye kipochi cha shingoni au mfukoni. Mawakala wa ajira wanaowasafirisha mabinti wawape kipochi hicho pamoja na tiketi, na mafunzo ya kabla ya safari yatenge nusu saa ya mlango wa dharura. Video ya usalama ionyeshe mtelezo ukichanwa na begi. Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya na Uganda zina uwezo wa kuyadai haya kwa kila shirika linaloomba kutua kwenye viwanja vyetu, bila kusubiri Marekani au Ulaya ibadilishe kanuni. Na mashirika yatangaze kwa maandishi kwamba abiria aliyetii amri na kuacha begi lake atalipwa haraka na kusaidiwa kupata hati mpya za kusafiria. Anayeamriwa kuacha mali yake ana haki ya kujua mapema nani atamfidia.