Bakteria si uchafu tu

Eti bakteria hukaa palipo na uchafu, kwa hiyo dawa yao ni sabuni na maji moto! Hapo nabisha. Sisi wa Nakuru tuna ziwa zima la bakteria: ule ukijani mzito kwenye maji ya magadi ni spirulina, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Heroe wadogo, yaani ndege flamingo, huishi kwa kuwala, na rangi yao ya waridi hutoka humo humo. Ziwa lilipofurika miaka ya 2010 chumvi ilipungua, bakteria hao wakapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Hayo maji moto mnayoyasifu, hata kando ya chemchemi za Bogoria zinazochemka wapo bakteria wa aina yake. Ng'oeni pia mharagwe shambani muone vinundu mizizini. Ukipasua kimoja kwa ukucha, kilicho hai ni chekundu ndani. Humo bakteria waitwao raizobiamu wananasa naitrojeni ya hewani, mbolea ya bure. Bakteria wa magonjwa kama kipindupindu wapo, sikatai. Ila ndugu wa Kisumu, ule utando wa kijani ufukweni Dunga, Ziwa Victoria, nao ni bakteria, na baadhi yao wana sumu. Watoto bado wanaogelea humo?