Kimunguoro

Kazi yenyewe ya kutafsiri ilikuwa kurasa 6 tu za Kiingereza: maelezo ya picha za hekalu la mungu Jagannath, mjini Puri, India. Mzee mmoja wa Kihindu hapa Dar alitaka yasomwe kwa Kiswahili siku ya maonyesho. Nikamwambia, "Mzee, kesho asubuhi unayo." Mdomo huu utakuja kuniua.

Balaa lilianza na neno "deity". Kamusi ikasema mungu, nami nikaishia hapo. Kumbe lina sura tatu. Likiwa na herufi kubwa na "the" mbele yake, ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Kwa herufi ndogo ni mungu yeyote wa watu wowote, awe wa kiume au wa kike. Sura ya tatu ndiyo iliyonimaliza: katika Kiingereza cha India, "deity" ni hata ile sanamu ya hekaluni ikishafanyiwa ibada ya kuitia uhai. Tangu hapo huogeshwa, huvishwa, huandaliwa chakula na hulazwa. Pale Puri, kila mwaka Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra humwagiwa maji ya mitungi 108. Baada ya hapo huhesabiwa kuwa wameshikwa na homa, hawaonwi na mtu kwa takriban wiki mbili, na hutibiwa kwa mitishamba.

Ilitakiwa niandike "mungu" kwa herufi ndogo, "miungu" kwa wingi, "mungu wa kike" kwa Subhadra, na "sanamu takatifu" panapohusu kuogeshwa. Ukiandika "Mungu" kwa herufi kubwa hapo, umewatangazia watu kwamba Mwenyezi Mungu kaoga maji mengi akapata mafua.

Ndicho nilichoandika.

Saa nane usiku matini yangu ilikuwa bado na "god", "goddess" na "deity" bila tafsiri. Nilikuwa nikiziruka, nikisema nitazimaliza kwa mpigo. Nikabonyeza Ctrl na H. Tafuta "deity", weka "god". Tafuta "god", weka "Mungu". Badilisha zote. Kuna kisanduku cha kuiagiza kompyuta itafute neno zima peke yake, sikukitia tiki. Kompyuta haijui neno, inajua herufi. Kila ilipokuta g-o-d ikamtia Mungu. Subhadra akawa "Mungudess". "Deities" haikuguswa kabisa, maana kwenye wingi ile y ya mwisho imeshageuka, ikabaki na Kiingereza chake katikati ya sentensi kama abiria aliyeshushwa kituo sicho.

Ukurasa wa mwisho ulieleza jinsi familia nyingine zinavyomweka nyumbani mungu Krishna akiwa mtoto mchanga: sanamu ndogo, na usiku hulazwa kwenye kitanda chake chenye mto, chandarua na kigodoro. Kigodoro cha kulalia, si kile cha ngoma za usiku.

Nilituma bila kusoma tena.

Binti aliyepewa kipaza sauti alikuwa na sauti ya redio, na hakuwa mtu wa kujiuliza maswali. Akasoma, "Mungu akashikwa na homa." Nyuma mama mmoja akasema, "Astaghfirullah!" Akasoma "Mungudess" kwa madaha, kama jina la bibi yake. Halafu: "Usiku, Krishna hulazwa juu ya kimunguoro."

Mzee akaniinamia sikioni. "Kijana, wa kwetu ni wengi, sikatai. Lakini huyu Kimunguoro anatoka jimbo gani?"

"Ni godoro, mzee."

"Mungu wa magodoro?"

"Hapana, mzee. Godoro. La kulalia."

Akaichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma toka juu mpaka chini bila kusema neno, mabega yakimtikisika. Nusu ya malipo akanipa palepale. Nusu nyingine, akasema, nikamdai Kimunguoro.