Moshi tunaouonea haya

Ijumaa iliyopita, hapa Edinburgh, Uskoti, wenzangu wa kazini walinipeleka mgahawani. Juisi yangu ya tufaha ikaja imefunikwa kwa bakuli la kioo. Mhudumu alipofunua, moshi wa mti wa mwaloni ukatanda meza nzima, watu wakatoa simu kupiga picha. Paundi 11! Mimi nikabaki kimya, nimemkumbuka Mama pale Magomeni anavyoinamisha gilasi juu ya chetezo, anazifukiza ubani kabla ya kumtekea mgeni maji ya mtungini. Ufundi ni uleule.

Kwetu ukimwambia mtu chakula chake kinanuka moshi, umemtukana. Desemba nilikuja likizo, nikapelekwa hoteli moja kubwa hapo Dar. Nikaagiza mishikaki. Ikaja imepikwa kwenye oveni, imepauka, haijagusa mkaa. Nilipouliza, kijana akanijibu kwa fahari, "Kaka, hapa hatutumii mkaa, wageni hawapendi moshi." Wageni gani? Hao ndio nimewaacha huku wanaulipia!

Najua mtasema: kavuka maji juzi, leo anatufundisha mishikaki. Simfundishi mtu. Nimekua napepea jiko na kipande cha boksi, hayo mambo sikuyasoma Ulaya. Na anayesema moshi umewamaliza mama zetu macho na vifua, sina ubishi naye, bibi yangu alikohoa mpaka anaingia kaburini. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, nami naunga mkono kwa moyo wote. Maharage yachemke kwa gesi.

Ila moshi na moshi haulingani. Wa kuni mbichi, au wa mkaa ambao haujakolea, unachoma macho na kutia chakula uchungu. Mchoma mishikaki anayeijua kazi yake hana haraka: anangoja mkaa ushike wote, ujivike jivu jeupe, ndipo apange vijiti. Mafuta yanadondoka, yanafuka, ule mvuke unarudi kwenye nyama. Na wali wa nazi uliopaliwa makaa ya vifuu juu ya mfuniko, ule ukoko wake, nitajieni jiko la gesi linaloweza kuutoa.

Hawa Waskoti wana kisiwa kinaitwa Islay. Shayiri ya wiski yao wanaikausha kwa moshi wa udongo wa mimea iliyooza, wanaoukata kinamasini na kuuanika. Mimi pombe situmii, lakini naona jina la kisiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa, na moshi ndio sifa yake. Sisi samaki wa kubanika tunamla kwa mama lishe tukiwa wenyewe, akija mgeni wa heshima tunamtafutia kuku wa kizungu. Inaniuma.

Jana nimempigia Mama. Mtungi kampa jirani apandie maua, siku hizi kuna friji. Chetezo bado kipo juu ya kabati. Nimemwomba asikitoe, Desemba nakuja kukichukua.