Noah na pikapu ya 4x2: ipi hukwama kwanza?

Mtu akitafuta gari la kupita kwenye tope, na fedha haifiki 4x4, ataambiwa achukue pikapu. Iko juu, ina chesisi ngumu, haiogopi mashimo. Yote ni kweli, ila hakuna hata moja kati ya hayo linaloisogeza. Zinazoisogeza ni tairi mbili tu, na mshiko wake unategemea kilo zilizozikalia.

Tuseme kila gari lina kilo 1,500. Noah, gari la familia la Toyota, inayovutwa na tairi za mbele imebeba injini na giaboksi juu ya tairi hizohizo, kwa hiyo karibu kilo 900 zinakandamiza pale kazi inapofanyika. Pikapu tupu nayo ina injini mbele, lakini inasukumwa na tairi za nyuma, na huko nyuma kuna bodi la bati tu: kama kilo 640. Kwenye barabara tambarare yenye utelezi mwembamba juu ya ardhi ngumu, au theluji iliyoshindiliwa, Noah itaondoka na pikapu itabaki inazungusha tairi. Springi za pikapu nazo zimekazwa kwa ajili ya mzigo. Ikiwa tupu inarukaruka, na tairi ikinyanyuka kidogo tu, mshiko umekwisha.

Sasa pakia. Mifuko 12 ya saruji, kilo 600, iliyopangwa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, inazifanya tairi za nyuma zibebe karibu kilo 1,200 kati ya 2,100. Noah ikijaza watu wanane, kama kilo 500, wengi wao wanakaa nyuma, na sehemu ya uzito inayobaki kwenye tairi za mbele inashuka kutoka asilimia 60 hadi 52 hivi. Kisha zipandishe kilima kinachopanda mita 15 katika kila mita 100. Uzito unarudi nyuma, Noah inabaki na asilimia 48, na pikapu tupu inafikia 46 au 47. Zimelingana! Pikapu yenye saruji iko kwenye 60. Ndiyo maana dereva mzoefu wa gari la kuvuta mbele huwashusha abiria chini ya kilima, na hilo likishindikana hupanda kwa rivasi, ili tairi zinazofanya kazi ziwe upande wa bondeni.

Hata hivyo jina Noah linachanganya watu. Townace Noah ya miaka ya 1990, yenye namba ya modeli SR40, ina injini chini ya viti vya mbele na inasukumwa na tairi za nyuma. AZR60, iliyokuja mwaka 2001, inavuta mbele. SR50 na AZR65 ni 4x4. Anayekwambia Noah haikwami, muulize kwanza ni ipi.

Tope likiwa na kina, hesabu ya kilo inapoteza maana. AZR60 ina nafasi ya kama sentimita 15 chini ya tumbo, na abiria wanaipunguza. Kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, tumbo linakaa juu ya tuta la katikati na tairi zinabaki zinaning'inia. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Kajiado au Shinyanga, ni mbaya zaidi: ukilowa unavimba, unajaza meno ya tairi mpaka yanakuwa kama kipara, kisha unashindilia ndani ya madigadi. Pikapu ina nafasi kubwa zaidi juu ya tairi na chini ya tumbo, na hapo naipa ushindi bila kusita, mradi haiko tupu.

Theluji ya mijini Minneapolis au Toronto ni habari nyingine, kwa sababu magreda hupita na kinachobaki ni tabaka lililoshindiliwa na barafu. Huko gari la familia la kuvuta mbele linafaa zaidi, likiwa na tairi za majira ya baridi, ambazo mpira wake haukakamai joto likishuka chini ya nyuzi 7. Québec, jimbo la Kanada, inazilazimisha kisheria kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Funga zote nne. Ukifunga mbili za mbele tu, ukishika breki kwenye kona mkia unakupita. Mwenye pikapu aongeze kilo 100 hadi 150 za mchanga kwenye mifuko, juu ya ekseli, na aifunge kwa kamba. Ikisukumwa hadi mlangoni mwa bodi, pua inanyanyuka na usukani unalegea.

Ukishakwama, acha kukanyaga mafuta: tairi inajichimbia na giaboksi ya otomatiki inachemka. Zima mfumo wa kuzuia utelezi, maana unapunguza nguvu ya injini wakati unapoihitaji. Kwenye tope, punguza upepo hadi psi 18 au 20, ukitoka usizidi kilomita 30 kwa saa mpaka ujaze tena. Pikapu ina faida moja ambayo Noah ya kuvuta mbele haina: tairi moja ya nyuma ikizunguka bure, vuta hendibreki kidogo huku ukiongeza mafuta taratibu. Breki inaizuia ile inayozunguka, na difu, yaani giya zinazogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, inapeleka nguvu kwa mwenzake. Kwenye Noah hiyo hendibreki inashika tairi zisizofanya kazi, kwa hiyo tafuta sepetu.