Kamusi alikuwa golikipa

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Kariakoo. Falsafa nimejifunzia hapohapo, PDF za kwenye simu, nikiwa nasubiri simu za wateja ziingie chaji, kwa hiyo majina ya wale wazungu wote nayajua kwa macho tu, sijawahi kumsikia mtu akiyatamka. Shikilia hapo hapo, utanielewa.

Sasa kuna kikundi kinakutana Sinza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu kama kumi na wawili hivi, walimu wastaafu, wanafunzi wa chuo, dada mmoja aliyekulia Bukavu, wanakunywa chai wanabishana kama binadamu ana hiari au hana. Mshikaji wangu akanipeleka. Utaratibu wao mgeni anasimama, anataja jina, anasema anapenda kusoma nini na kwa nini. Mimi nikajiandaa wiki nzima, nikaandika nyuma ya risiti, yaani mpaka pa kuvuta pumzi nimeweka alama.

Zamu yangu hiyo. Shikamooni wazee. Marahaba. Mkono mmoja una risiti inatetemeka, wa pili una andazi ambalo hata sijui nililichukua saa ngapi.

"Mimi jamani anayenivutia sana ni Kamusi."

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Safi sana kijana, wenzako siku hizi hawaigusi." Nikajisemea hee, kumbe anajulikana hivi! Mori ukanipanda.

"Nilianza kumsoma Kamusi mwaka juzi, biashara imekufa, nina stresi, ndiye aliyenifungua macho kwamba maisha hayana maana."

Kimya. Mwalimu akavua miwani.

"Hayana maana? Ya TUKI ninayo nyumbani, neno maisha limo, na maana yake imo."

Mi nikajua hoja imewachoma, nikakaza. "Haimo mwalimu, tunajipachikia wenyewe. Si mnamjua Sisifo, yule wa hadithi za Wagiriki, anasukuma jiwe mpaka juu ya mlima, linaporomoka, anaanza upya, milele, na bado Kamusi anasema tumuone ana furaha."

"Kamusi *inasema*," akanisahihisha.

Nikaona huyu mzee ana dharau, yaani mtu kufa 1960 tu keshageuzwa kitu? Nikamjibu kwa adabu, "Anasema, mwalimu. Alikuwa mtu kama wewe, tena ujanani alikuwa golikipa kule Algiers mpaka TB ikamtoa langoni."

"Kamusi ilidaka?"

"Alidaka mzee! Na 1957 wakampa Nobel."

Kijana mmoja wa chuo akawa ananitazama ile huruma ya kumtazama mtu anayeongea peke yake stendi. Ningekaa chini tu, ila risiti ilikuwa bado ina mistari na mimi kitu nilichokihangaikia wiki nzima sikiachi njiani. Nikamalizia kwa sauti ya msibani kabisa, "Akafa kwa ajali ya gari, tiketi ya treni ambayo hakuitumia ikakutwa mfukoni."

"Aaaah," mama mmoja akadakia, nia yake njema tu ya kuniokoa, "jamani si anaongelea kamusi ya mfukoni!"

Hapo dada wa Bukavu chai ikamtokea puani. Akaninyang'anya risiti, akaisoma, akapiga kelele, "Camus! Albert Camus! Hiyo s haisomwi!" halafu akalitamka, kitu kama Kamyu, midomo kaichongoa utadhani anapuliza uji wa moto. Sasa niulize na mimi, kama haisomwi imeandikwa ya nini? Sisi huku herufi ikiandikwa inafanya kazi.

Ukumbi wote chini. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, kila akitulia anajikumbusha "ilidaka" anaanza upya, Sisifo mtupu. Andazi langu nikalila nimesimama, ndiyo kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Basi jina ndiyo limeshaingia, hata Kariakoo wanakuja kuuliza kwa fundi Kamusi. Na mwezi ujao zamu yangu kuongoza mjadala, wamenipangia Nietzsche, yule mwanafalsafa Mjerumani, makusudi kabisa. Konsonanti tano zimepanga foleni, t z s c h, hakuna hata irabu moja ya kupumzikia. Nimeshaamua, namwita mzee wa masharubu mwanzo mwisho.