Bango Limlenge Anayenyamaza

Hapa Scotland serikali hutangaza dhidi ya ubaguzi wa rangi kama kwetu inavyotangaza chandarua. Mwaka 2002 walianza na kampeni ya "Scotland Moja, Tamaduni Nyingi". Mwaka 2018, wakishirikiana na polisi, wakabandika barua fupi kwa wabaguzi, zikiwa na saini ya Scotland yenyewe. Mgeni ukizisoma kituoni, unajisikia una mtetezi. Hilo nalishukuru kwa dhati.

Ila mbaguzi hasomi bango akatubu. Kuna siku ndani ya basi mlevi alimtukana mama mmoja kwa sababu ya mtandio wake. Abiria wote wakainamia simu. Nilipomwambia yule bwana akome, ndipo wawili nyuma yangu nao wakapaza sauti. Kumbe maneno walikuwa nayo, walimsubiri wa kuanza.

Hao ndio wa kutangaziwa. Mwaka 1998 Tume ya Usawa wa Rangi ya Uingereza ilithubutu: ilibandika matangazo ya kibaguzi ya makusudi, likiwemo la kengele ya kujihami kwa wanawake, lenye picha ya mwanamume mweusi ndani ya basi. Baadaye ikawauliza wapita njia: kipi kibaya zaidi, tangazo hili au wewe kutolilalamikia? Wengi walikasirika kufanyiwa mtego. Mimi naona swali lilikuwa halali kabisa.

Na sisi Watanzania ufundi huu tunao. Mnakumbuka Fataki redioni? Mzee anamrubuni binti, kisha anatokea mtu wa kawaida anamwokoa binti. Tangazo halikupoteza muda kumbembeleza Fataki abadilike. Lilimpa jirani, muuza duka na mwalimu ujasiri wa kuingilia. Mitaani watu wakaanza kuwaita wazee wale kwa jina hilo, nao wakaona aibu.

Sasa mbona hatujautumia kwa chuki zetu? Mtanzania mwenye asili ya India, ambaye hata babu yake kazaliwa Tanga, bado anaambiwa arudi kwao. Mwenye ualbino akikaa kwenye daladala, kuna anayehama siti, na gari zima kimya. Ubaguzi ninaoulalamikia huku siwezi kuuvumilia nyumbani.

Nataka tangazo la sekunde thelathini, kwa lafudhi ya mtaani, abiria anamwambia yule anayehama: "Rudi ukae, ndugu, huyu ni mwenzetu." Lirushwe asubuhi, wakati daladala zote zimewasha redio.