Kufuli moja kwa mashine tatu

Mwaka jana, wiki moja kabla ya minada ya korosho kufunguliwa, programu yetu ya kupokea mizigo ghalani iligoma kuwaka kwenye seva. Kwenye laptopu ya Windows ya kijana wetu, pale Shangani, Mtwara, ilikuwa inakwenda bila shida: unaingiza namba ya mkulima, kilo, daraja, stakabadhi inatoka. Seva, ambayo inaendeshwa na mfumo mwingine, Linux, ilitujibu kitu kimoja tu, kwamba haioni toleo lolote la kipande cha msimbo kiitwacho pywin32. Na isingeliona hata ingetafuta hadi Krismasi, maana pywin32 ni ya Windows peke yake.

Kosa lilikuwa la kawaida kabisa. Kijana aliiagiza Python, lugha tuliyoandikia programu hiyo, iorodheshe kila kilichomo kwenye laptopu yake pamoja na namba ya toleo, orodha ile akaihifadhi kama faili la kufuli, yaani faili linalosema: atakayesakinisha programu hii achukue matoleo haya haya, si mengine. Mahitaji ya programu hakuyafunga. Alifunga picha ya mashine yake.

Tulirekebisha usiku uleule, ila ubishi ulioanzia pale haujaisha. Mradi mmoja uwe na kufuli moja la mashine zote, au kila mashine na lake? Mwenzetu aliyeko Lindi anatetea la kwanza. Kijana, ambaye tangu siku ile akiona unyasi anashtuka, anatetea la pili.

Tuelewane maneno kwanza. Hapa Mtwara ukisema kifurushi, mtu anadhani unataka bando. Ninachosema mimi ni kipande cha msimbo kilichoandikwa na mtu mwingine, ambacho programu yako inakitegemea, nacho kinategemea vingine, na hivyo vingine vina vya kwao. Programu huomba kwa upana: nipe toleo la 2 au zaidi, lisifike 3. Kisimamizi cha vifurushi husoma masharti ya kila kimoja na kutafuta seti ya matoleo yasiyogombana. Kikikwama kinarudi nyuma, kinajaribu toleo jingine. Kikipata jibu kinaliandika, na hilo ndilo kufuli. Huku kusini tumezoea stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, kwa hiyo mfano uko mikononi: magunia yako hukai nayo, unakaa na karatasi inayotaja uzito, daraja na ghala. Kufuli linaongeza hashi, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ili likichezewa hata herufi moja njiani lijulikane.

Na kama stakabadhi, kufuli si mzigo. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kufuli tulikuwa nalo, vifurushi hatukuwa navyo.

Wazo si geni. Watu wa lugha ya Ruby wanalo kwenye kisimamizi chao, Bundler, tangu 2010, kisimamizi cha Yarn kikalipeleka kwa watu wa JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, mwaka 2016, na npm, kisimamizi chao kingine, kikafuata 2017. Python ndiyo iliyochelewa kupatana: muundo wa pamoja wa faili hilo, PEP 751, ulipitishwa 2025, kila chombo kikiwa tayari na wa kwake.

Ugumu unaanza pale masharti yenyewe yanapotegemea mashine. Click, kifurushi maarufu cha kuandikia programu zinazoendeshwa kwa kuchapa amri, kinahitaji kifurushi kingine, colorama, lakini kwenye Windows tu. Ukitafuta jibu ukiwa kwenye Linux, kwa ajili ya Linux, colorama haitokei kabisa. Visimamizi vinavyotafuta jibu la wote, kama uv na Poetry, havijali vimewashwa wapi. Vinachukulia kwamba sharti linaweza kuwa kweli na linaweza lisiwe kweli, vinaandika colorama pamoja na sharti lake, halafu kila mashine siku ya kusakinisha inaruka kisichoihusu. Toleo moja lisipowatosha wote, njia inagawanyika: numpy, maktaba ya hesabu, toleo la 2.0.2 ndiyo ya mwisho kukubali Python 3.9, kwa hiyo faili moja linaweza kubeba hiyo kwa wenye 3.9 na mpya zaidi kwa wenye 3.10 kwenda juu. Cargo, kisimamizi cha lugha ya Rust, ndivyo ilivyo pia, inaandika tegemezi za mifumo yote hata kama Windows huna mpango wa kuigusa.

Hoja ya mwenzetu wa Lindi inatokana na uchovu, na mimi naiheshimu kwa sababu hiyo. Anasema mafaili matatu ni watoto watatu wa kulisha: mmoja utamsahau. Mwezi wa pili tulimsahau. Faili la Windows lilikuwa limetangulia matoleo mawili katika maktaba ya kusoma Excel, na tukapoteza siku nzima tukisaka kosa ambalo kwenye laptopu halikuwepo. Tulilaumu mtandao, tukalaumu karani aliyejaza fomu, kumbe tulikuwa tunaendesha programu mbili tukidhani ni moja. Kwa kufuli moja, swali la "wewe una toleo gani?" halipo tena, kwa sehemu kubwa.

Hiyo sehemu inayobaki ndiyo anayoishikilia kijana. Anauliza: nani aliyeliona jibu hilo likifanya kazi? Kufuli la Linux lililotengenezwa kwenye Linux lina shahidi. La mashine zote lina shahidi wa mashine moja, nyingine zimeandikwa kwa kuamini maelezo ambayo vifurushi vinajitolea. Na vifurushi vingine vya zamani havina maelezo yaliyotulia: vina msimbo wa setup.py unaoamua tegemezi pale pale unapoendeshwa. Ukiendeshwa Windows unatoa jibu la Windows, na jibu hilo linaandikwa kana kwamba ni la wote.

Ana na mfano mwingine, na huu ulimgharimu bando. Alikuwa anajaribu kutenganisha madaraja ya korosho zilizobanguliwa kwa kutumia picha, akahitaji torch, maktaba ya kufundisha kompyuta kutambua vitu. Kwenye Windows, torch iliyotoka PyPI, ghala kuu la vifurushi vya Python mtandaoni, ilikuwa ya prosesa ya kawaida, MB mia mbili na ushee. Alipohamia kwenye laptopu ya Linux, kwa toleo lilelile, kufuli lilelile, ikaanza kushuka pamoja na msururu wa maktaba za Nvidia, zaidi ya GB 2, kwa laptopu isiyo na kadi ya michoro ya Nvidia. Aliacha ikishuka, akaenda kula, akarudi akakuta ujumbe wa mtandao wa simu kwamba kifurushi chake kimeisha. Kifurushi kile kingine. Hapo hakuna kilichoharibika: masharti ya torch yanasema hivyo kwa Linux, na kufuli limeyatii. Namba ya toleo inafanana, shehena ni mbili tofauti.

Upande wa JavaScript ndio umenifanya nisitembee na mwenzetu wa Lindi hadi mwisho wa safari. Rollup, inayofungasha kurasa zetu, ina kipande maalumu kwa kila mfumo na kila aina ya prosesa, na vipande hivyo huorodheshwa kama tegemezi za hiari. npm imekuwa na kasoro inayojulikana: ukitengeneza kufuli upya huku node_modules, folda ya vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa, ya Windows bado ipo, vipande vya mifumo mingine vinaweza kuachwa nje. Faili linaonekana zima, linajiita la wote, na seva ya Linux inalia kwamba kipande chake hakipo. Dawa iliyozoeleka ni kufuta node_modules na kufuli lenyewe, kisha kuanza upya. Tafakari hapo. Ili kutibu kufuli unatupa matoleo yote uliyokuwa umeyafunga, na unapakua kila kitu tena.

Halafu kuna mashine ya tatu, Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya biti 32, inayosoma mzani wa ghala. Vifurushi vingi havina faili lililokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa lugha ya mashine, kwa prosesa ya namna hiyo huko PyPI, kwa hiyo mfumo wake huchota pia kutoka ghala jingine, piwheels, ambako vimekompailiwa na watu wengine. Toleo ni lilelile, lakini faili si lilelile, hivyo hashi hailingani na iliyo kwenye kufuli, na usakinishaji unakataliwa. Unakataliwa kwa haki. Njia nyingine ni kukompaili pale pale, jambo ambalo kwa mashine ile na umeme wetu sikushauri ulianze jioni.

Kwa hiyo nimetua hapa: kufuli moja, ndiyo, lakini la mashine tulizonazo, si la dunia nzima. uv inakuruhusu kutaja mazingira unayotaka jibu lake, nasi tumetaja mawili, Windows na Linux, zote za biti 64. macOS tumeiacha nje, hakuna mwenye nayo kati yetu. Hili linapunguza pia mzigo wa mashine kongwe kuwaburuta wengine kwenye matoleo ya zamani. Na kufuli jipya halipokelewi mpaka lisakinishwe kweli kwenye pande zote mbili, mtu akiwa amekaa anatazama, kitu ambacho mwenzetu wa Lindi anakiona ni kupoteza muda na kijana anakiona hakitoshi.

Raspberry Pi ina faili lake peke yake. Nililitengeneza juu ya mashine yenyewe, nimekaa kwenye gunia, na tarehe nimeiandika kwa kalamu kwenye plasta iliyobandikwa juu ya boksi. Msimu ukifunguliwa nitalazimika kwenda kuibandua.